Kabla ya kubishana, tafuta mwanya

Mtu akikupa hoja, usikimbilie kumjibu. Jiulize kwanza: sababu zake zote zinaweza kuwa kweli, halafu hitimisho likawa uongo? Kama haiwezekani kabisa, kilichobaki ni kukagua ukweli wa sababu zenyewe. Kama inawezekana (na hoja zetu nyingi za kila siku ziko hivyo), hapo pana mwanya na mtu anakisia, basi tafuta maelezo mengine yanayolingana na ushahidi uleule. Kwa karne nyingi watu waliona kwamba wakaao karibu na vinamasi huugua homa, wakalaumu hewa mbaya. Walichokiona kilikuwa kweli, walichohitimisha ndicho kilikosea: kinamasi kina hewa, lakini kina mbu pia. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross alikuta vimelea vya malaria tumboni mwa mbu. Swali hili linasaidia kwa sababu linatenganisha habari mbovu na kiungo kibovu kati ya sababu na hitimisho. Linakwama usipoijua mada: asiyewahi kumfikiria mbu haoni mwanya wowote, kwa hiyo muulize anayeijua. Na kuwepo kwa mwanya hakutoshi kuitupa hoja. Makisio yenye ushahidi mwingi wa aina tofauti bado yanafaa kufuatwa.