Somo: Kadiria umeme wa paneli zako Kisumu kabla ya kununua

Namba iliyoandikwa mgongoni mwa paneli, tuseme wati 400, ilipimwa kiwandani: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita mraba, paneli yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya mabati ya Nyalenda saa saba mchana, paneli inaweza kufika nyuzi 60. Kwa hiyo fanya hesabu yako mwenyewe kabla ya kumlipa fundi.

Kwanza, saa za jua kamili. Mchana wetu una saa 12, lakini nguvu yote ya jua ikikusanywa Kisumu ni kama saa 5.5 za jua kali kwa siku, kwa wastani wa mwaka. Mvua za Machi hadi Mei hupunguza, kwa hiyo mimi hupangia 4.5.

Pili, toa hasara. Paneli nyingi hupoteza karibu asilimia 0.35 kwa kila nyuzi moja juu ya 25, yaani kwenye nyuzi 60 imeshapotea asilimia 12. Ongeza vumbi, waya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani). Hasara zote pamoja hufika kama asilimia 25, kwa hiyo zidisha kwa 0.75:

400 × 4.5 × 0.75 = wati-saa 1,350, yaani uniti 1.35 kwa siku (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja).

Tatu, paa. Hapa karibu na ikweta jua hupita kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine, kwa hiyo mwelekeo hausumbui sana. Inamisha nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi, na acha nafasi ya hewa kati ya paneli na mabati. Ukiwa na chaguo, elekeza mashariki. Mchana upepo wa ziwa husukuma hewa yenye unyevu kuelekea milima ya Nandi, na mawingu hujikusanya alasiri. Asubuhi ndiyo mali yetu. Pasi, pampu na mashine ya kufulia ziwashwe kabla ya saa nane.

Na tafadhali kata tawi la mwembe. Kivuli kidogo kwenye paneli moja huvuta chini zote zilizounganishwa nayo mfululizo.

Maswali ya wanachama

*Nina saluni Kondele. Mashine ya kukausha nywele ni wati 1,500, natumia saa tatu kwa siku. Paneli tatu zitatosha?*

Dada, unahitaji uniti 4.5. Tatu zinakupa kama 4 msimu wa mvua, kwa hiyo chukua nne. Lakini hata nne, jua likiwa kali, hutoa kama wati 1,200 hivi kwa wakati mmoja. Lazima betri isaidie, na inveta iwe ya wati 2,000 au zaidi.

*Mimi niko Nakuru na kuna baridi. Sola itafanya kazi?*

Vizuri kabisa, ndugu. Paneli hutumia mwanga, na mita 1,850 juu ya bahari hewa baridi huipunguzia joto, hivyo hasara ya joto kwako ni ndogo kuliko yetu. Kiangazi futa vumbi alfajiri, kwa maji na kitambaa laini, kioo kikiwa bado baridi.