Kupima Usingizi wa Inzi wa Matunda Waliolishwa Kafeini

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyetaka kuonesha, kwa jaribio la gharama nafuu, namna kemikali za ubongo zinavyomlaza na kumwamsha mnyama. Panya huhitaji kupasuliwa na kuwekewa elektrodi kichwani, na kabla ya hapo kibali cha kamati ya maadili. Inzi wa matunda, Drosophila melanogaster, anahitaji mrija wa kioo na mtu mwenye subira. Mwaka 2000 makundi mawili ya watafiti yalionesha kwamba mapumziko yake ni usingizi hasa: huwa mgumu kuamka, na akinyimwa usingizi hulala zaidi baadaye ili kuufidia.

Hatua ya 1: Chakula. Chemsha mililita 100 za maji zenye gramu 5 za sukari na gramu 2 za agari, unga wa mwani unaogandisha chakula. Gawa sehemu mbili sawa, kisha katika moja koroga miligramu 25 za kafeini, yaani miligramu 0.5 kwa kila mililita. Tayarisha pia agari tupu isiyo na sukari. Sababu yake itaonekana katika hatua ya 5. Tumia kafeini safi ya maabara, si kahawa ya unga wala kinywaji cha kuongeza nguvu, kwa kuwa hivyo vina vitu vingine vingi usivyoweza kuvitenga. Unga wa kafeini ni sumu kwa kiasi kidogo cha kushangaza, kwa hiyo vaa glovu na usiuonje.

Hatua ya 2: Inzi. Chagua madume wenye umri wa siku 3 hadi 5, wa ukoo mmoja wa maabara. Inzi walionaswa jikoni kwa ndizi mbivu hawafai, kwani mara nyingi huwa mchanganyiko wa spishi. Majike nao wakishapandwa hutaga katika mrija, na funza wao huvuruga chakula na kukatiza mwale wa mwanga wa kipimo cha mwendo (hatua ya 6). Usichanganye jinsia, kwa sababu madume hulala sana adhuhuri kuliko majike.

Hatua ya 3: Mirija. Mirija ya kawaida ina urefu wa milimita 65 na kipenyo cha milimita 5. Jaza chakula upande mmoja, uzibe kwa nta iliyoyeyushwa, ingiza inzi mmoja, na upande wa pili uweke pamba. Vifuniko vya plastiki sivipendi: agari hukauka na inzi hufa kabla jaribio halijaanza. Inzi wakizimishwa kwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili waingizwe mirijani, data za siku hiyo zisihesabiwe.

Hatua ya 4: Mwanga na joto. Saa 12 za mwanga na saa 12 za giza, nyuzi 25 za selsiasi. Unganisha saa ya taa na betri ya akiba, kwa maana umeme ukikatika usiku mmoja tu, saa ya mwili ya inzi wote inaweza kusogea.

Hatua ya 5: Kuwahamishia kwenye kafeini. Hapa ndipo jaribio linapoharibika bila mtu kujua. Kafeini ni chungu, na inzi huutambua uchungu huo kwa mdomo na hata kwa miguu. Inzi anayekataa chakula hushinda na njaa, na njaa yenyewe humnyima usingizi na kumfanya atembee ovyo akitafuta chakula. Matokeo yake ni grafu nzuri sana ya inzi wasiolala, ambayo mtafiti ataisoma kama kazi ya kafeini ilhali ni kazi ya tumbo tupu.

Kwa hiyo weka makundi matatu yenye inzi 16 au zaidi kila moja: sukari pekee, sukari na kafeini, na agari tupu. Agari tupu inawapa maji, hivyo utakachokiona ni njaa wala si kiu. Siku nzima ya kwanza wote wale sukari. Asubuhi inayofuata, taa zinapowaka, wahamishe wote, pamoja na wale wanaorudi kwenye sukari, ili usumbufu uwe sawa. Hakuna haja ya dawa ya usingizi: simamisha mrija wa zamani, weka mdomo wa mrija mpya juu ya mdomo wake, gonga kidogo, na inzi atapanda mwenyewe. Linganisha makundi kwa saa 24 za kwanza tu, kwa kuwa baada ya hapo wenye njaa huanza kufa.

Sambamba na hayo, walishe inzi wengine, wasiopimwa usingizi, chakula hichohicho kilichotiwa rangi ya bluu ya chakula, kisha watazame kwa darubini ndogo. Tumbo lililoshiba huonekana bluu kupitia ngozi. Ikiwa matumbo ya kundi la kafeini yamepauka kuliko ya kundi la sukari, punguza kafeini kwa nusu na urudie mpaka yalingane. Ukiamua kuongeza sukari ili kufunika uchungu, iongeze pia katika chakula cha kundi la sukari, la sivyo ulinganisho umekufa.

Hatua ya 6: Hesabu. Dakika 5 mfululizo bila kusogea huhesabiwa kuwa usingizi. Kipimo chenye mwale mmoja wa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, katikati ya mrija humhesabia usingizi hata inzi anayekula pembeni. Ndiyo maana mimi hupendelea kamera, na ethoscope, kifaa cha bei nafuu kilichochapishwa mwaka 2017, kinatosha. Kokotoa pia mwendo kwa kila dakika ya kuwa macho, maana inzi anayelala kidogo si lazima awe anahangaika kupita kiasi. Asiyesogea kabisa saa 12 za mwisho amekufa; mwondoe.

Hatua ya 7: Tafsiri. Katika panya, kafeini huamsha kwa kuziba vipokezi (protini za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali) vya adenosini, kemikali inayoleta usingizi, hasa vile vya aina ya A2A. Usihamishe sentensi hiyo moja kwa moja kwa inzi, kwa sababu inzi waliokosa kipokezi chao cha adenosini bado hukeshwa na kafeini, na kwao ushahidi unaelekea kwenye seli zinazotoa dopamini, kemikali nyingine ya ubongo. Uwezo wa dopamini kumwamsha inzi unajulikana vizuri kutokana na ukoo uitwao fumin, ulioelezwa mwaka 2005, ambao kisafirishaji cha kuondoa dopamini kati ya seli hakifanyi kazi, nao hulala kidogo mno. Oreksini, kemikali inayowaweka macho panya, mbwa na binadamu, haimo kabisa katika ubongo wa inzi, hivyo isitajwe katika ripoti yako kama maelezo ya matokeo.