Kusoma ramani ya Ortelius ya milki ya Kasisi Yohana

Ramani iitwayo Presbiteri Iohannis, sive, Abissinorum Imperii Descriptio iliingia katika atlasi ya mchora ramani Abraham Ortelius wa Antwerp mwaka 1573, miaka 3 baada ya toleo la kwanza. Kasisi Yohana ni mfalme Mkristo wa simulizi za Ulaya, aliyedhaniwa kutawala Uhabeshi (Ethiopia). Uhabeshi umetandazwa humo hadi kusini ya ikweta, na ufukweni zimeandikwa Melinde, Mombaza na Quiloa, yaani Malindi, Mombasa na Kilwa.

Kagua karatasi kwanza. Nawa mikono na uikaushe kabisa. Glavu za pamba hupunguza hisia za vidole, na kingo zilizochakaa huchanika upesi. Inua karatasi mbele ya mwanga: utaona mistari iliyoachwa na nyaya za kalibu ya karatasi, kila mmoja umbali wa karibu sm 2.5 na mwenzake. Kwa lenzi ya mara 10, mistari ya wino inapaswa kuwa imara. Ukiona vidoadoa vilivyopangwa, hiyo ni nakala ya kisasa. Alama ya kingo za bamba la shaba lililochapia ramani, inayohisika kwa kidole, ni dalili nzuri lakini haitoshi, maana wapo wanaoigandamizia nakala zao.

Geuza nyuma. Lugha ya maandishi na namba ya ukurasa ndizo zinazotambulisha toleo, kwa kuwa bamba moja lilichapa kwa miaka mingi. Aliyeibandika ramani kwenye ubao kwa gundi amefukia ushahidi huo. Tazama pia rangi ya kijani: ile ya zamani, iliyotokana na shaba, hula karatasi na kuacha kivuli cha kahawia nyuma.

Sasa soma maandishi ya Kilatini. S ndefu hufanana na f, u na v hubadilishana nafasi, ij husomwa ii, na kistari juu ya irabu kimemeza n au m. Nakili neno kama lilivyo kwanza, ndipo ulikunjue kwenye mstari wa pili. Anayeyafanya yote mawili kwa pamoja husoma anachotarajia. Hic ni hapa, mons mlima, lacus ziwa. Weka alama kila penye dicitur au fertur, “inasemekana”: hapo mchoraji anapokea simulizi, hajapima kitu.

Mlima Amara unastahili muda wako mwingi. Maelezo yake yanasema wana wa Kasisi Yohana wanazuiliwa hapo chini ya ulinzi. Wengi huyapuuza kama hekaya, na hapo hukosea. Kasisi Yohana mwenyewe ni simulizi la Ulaya, lakini wafalme wa Uhabeshi kweli waliwafungia ndugu wa kiume wa ukoo wao juu ya Amba Geshen, ndio mlima huo wa Amara, ili wasigombee kiti. Padre Mreno Francisco Álvares, aliyekaa nchini humo 1520 hadi 1526, aliyaandika hayo katika kitabu kilichochapwa 1540. Mwaka huohuo askari wa Ahmad Gran, kiongozi Mwislamu aliyekuwa akipigana na Uhabeshi, waliuteka mlima. Ramani ilipotoka, gereza halikuwepo tena. Basi kwa kila simulizi andika miaka miwili: wa ramani, na wa habari yenyewe.

Mwisho, pima. Soma latitudo pembezoni, uilinganishe na ya kweli, na uanzie pwani, kwa sababu mabaharia walipima jua bandarini: Malindi iko nyuzi 3 dakika 13 kusini, Mombasa 4 na dakika 3, Kilwa Kisiwani karibu 9. Kisha ingia bara. Amara imewekwa karibu na ikweta, ilhali Amba Geshen iko takriban nyuzi 11 na nusu kaskazini. Mto Nile ndio ulioivuta Amara kusini: Ptolemy, mwanajiografia wa kale, aliweka maziwa ya chanzo chake kusini ya ikweta, na majina ya Uhabeshi yakashushwa hadi yayafikie. Rekodi tofauti hiyo kwa nyuzi kando ya kila jina la bara.