Kujaza maabara ya shule ya kata kwa hela ya mawazo

Walimu wenzangu wa sayansi, mkiambiwa kuna laki mbili ya maabara msikimbilie Kariakoo, kaeni chini kwanza.

Hatua ya 1. Chukua silabasi na mitihani ya vitendo ya nyuma ya NECTA (Baraza la Mitihani), uandike majaribio, siyo vifaa. Ukianza na vifaa utanunua darubini moja ikafungiwe kabatini, hela ndo imeisha hivyo.

Hatua ya 2. Pita mtaani. Duka la dawa kuna mabomba ya sindano ya mililita 10 (haifiki hata jero moja), tincha ya ayodini ya kupimia wanga kwenye ugali, na haidrojeni peroksaidi. Duka la pembejeo ulizia mrututu, hiyo ndo kopa salfeti. Watengeneza sabuni wana kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi. Sokoni unga wa ndimu, ambao ni asidi ya sitriki, na choya, yale maua mekundu ya juisi (rozela).

Hatua ya 3. Elektrodi, yaani fimbo za kupitishia umeme kwenye kimiminika. Okota betri kubwa za tochi zilizokwisha, ila zile za bei chee, maana za alkalaini hazina fimbo ya kaboni, mie nilipasua mbili kwa koleo jasho linanitoka nakuta msumari tu ndani. Ganda la zinki weka pembeni, fimbo isugue na msasa. Ule unga mweusi usitupe jamani, una manganizi daioksaidi, uoshe, udondoshee peroksaidi uone oksijeni inavyotoka.

Hatua ya 4. Taitresheni, yaani kupima asidi na besi zinavyomalizana. Chemsha choya, chuja, hiyo ndo indiketa, inabadilika rangi kukuonyesha asidi au besi. Kostiki gramu 4 kwa lita ya maji, unga wa ndimu gramu 7 kwa lita. Weka kostiki mililita 10 kwenye glasi, matone ya choya, rangi inakuwa kijani, halafu sukuma ndimu kwa bomba tone kwa tone mpaka iwe nyekundu. Toa hewa kwanza kwenye bomba, na usome pale mpira mweusi unapogusa maji, siyo kwenye ncha ya plastiki, wanafunzi wengi wanapotea hapo. Choya chemsha asubuhi hiyohiyo, ikilala inachacha.

Hatua ya 5. Hela iliyobaki nunua mizani, miwani, na bureti halisi mbili tatu wazizoee kabla ya mtihani. Asidi ya betri unaimimina wewe mwenyewe, asidi ndani ya maji, kamwe siyo maji ndani ya asidi. Na usiihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata uandike kwa maka peni nyekundu, mtoto mwenye kiu hasomi lebo.