Kausha kidonge kabla ya kupima udongo kwa infraredi

Hewa ya Unguja, masika hasa, huijaza maji potasiamu bromaidi, chumvi inayobeba udongo ndani ya kidonge cha kupimia: kwenye grafu ya infraredi, mkanda mpana wa maji karibu na 3400 kwa sentimita (idadi ya mawimbi katika sentimita moja), na mwingine 1630, hufunika alama za udongo wa mfinyanzi. Saga miligramu 1 ya udongo na 200 za chumvi hiyo, kandamiza kidonge, kiache ovenini nyuzi 110 usiku kucha, ukipime kingali vuguvugu. Maji yaliyonata huondoka. Haidroksili (jozi za oksijeni na haidrojeni) za kaolinaiti, aina ya madini ya mfinyanzi, zimo ndani ya fuwele, hazitoki, na vilele vyake vinne (3695, 3669, 3652, 3620) hujitokeza wazi. Kidonge kikiwa cheupe kama chokaa, kisage upya ukikandamize tena. Smektaiti, madini mengine ya mfinyanzi, hunywa maji mara itokapo ovenini, hivyo faida ya kuikausha ni ndogo. Haloisaiti yenye maji, nayo ya mfinyanzi, usiitie ovenini kabisa: matabaka yake husogeleana, hayarudi.