Bei tatu za pakiti ya viungo: namna ya kuzipanga kwenye meza ya soko la Darajani, Zanzibar

Mfano wetu ni bizari ya pilau ya pakiti. Tarakimu za bei na gharama ni za kufundishia tu, tia zako.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya gharama. Viungo shilingi 28 kwa gramu, pakiti na lebo 600 kwa ndogo, 900 kwa kubwa. Gramu 50 zinakugharimu 2,000. Gramu 200 zinakugharimu 6,500.

Hatua ya 2: Weka saizi tatu. Gramu 50 kwa 4,000, gramu 150 kwa 9,000, gramu 200 kwa 10,000. Ya kati ni chambo: ipo ili kubwa ionekane rahisi. Watafiti Huber, Payne na Puto walilionesha jambo hili mwaka 1982. Ndogo inakuachia faida ya 2,000, kubwa 3,500, na maneno uliyosema kwa mteja ni yale yale.

Hatua ya 3: Andika gramu kwa tarakimu kubwa sawa na bei. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chambo hunasa pale mnunuzi anapolinganisha namba. Akikadiria kwa macho, nguvu yake hupungua sana. Ukiona ya kati inatoka kuliko kubwa, usishangilie: huenda lebo haisomeki, na mteja akija kugundua hatorudi.

Hatua ya 4: Aina sita mbele, nyingine rafu ya nyuma. Katika utafiti wa Iyengar na Lepper wa mwaka 2000, meza ya jemu 24 ilivuta watu wengi zaidi, lakini kati ya waliosimama, walionunua ni asilimia 3. Kwenye jemu 6, asilimia 30. Usiuchukue kama sheria, maana uchambuzi wa 2010 uliojumlisha tafiti nyingi ulikuta wastani wa athari hiyo karibu na sifuri.

Hatua ya 5: "Nipunguzie basi." Usiguse bei ya kubwa. Ikishuka hadi 8,500 inakuwa chini ya ya kati, na bei zote za ubaoni zinaonekana za uongo. Ongeza vijiti viwili vya mdalasini.

Hatua ya 6: Pima. Wiki mbili na chambo, wiki mbili bila chambo, ndani ya msimu mmoja. Agosti usiilinganishe na Aprili ya masika, wageni wakiwa wachache. Ramadhani nayo ihesabu peke yake. Andika kila saizi iliyotoka, pamoja na waliosimama wakaondoka. Kubwa isipoongezeka, toa ya kati. Inakula nafasi ya meza bure.