Jinsi ya kuweka daftari la mechi na shoo ulizohudhuria

Matokeo ya mechi hayapotei. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam iliyopigwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, tarehe 2 Julai 2022, yeyote anaweza kuitafuta leo akaipata: Yanga 3, Coastal Union 3, mabao yote ya Coastal kafunga Abdul Suleiman "Sopu", Yanga wakachukua kombe kwa penalti 4–1. Kinachopotea ni kile ambacho hakuna gazeti litakachokiandika: ulikaa upande gani, uliingia na nani, watu wa mzunguko, yaani jukwaa la kiingilio cha chini, waliimba nini, na jirani yako ambaye humjui alikushika bega dakika gani. Daftari zuri linaanza na hayo. Matokeo, majina ya wafungaji na jina la refa yajaze baadaye, hata mwaka ukipita.

Kanuni ya kwanza: andika usiku uleule au kesho yake asubuhi, kabla hujasoma Mwanaspoti na kabla hujatazama marudio kwenye televisheni. Ukishatazama marudio, bao utakalolikumbuka ni lile la kamera, lililopigwa kutoka upande ambao hukukaa. Mkiwa mmekwenda wawili au watatu, kila mmoja aandike peke yake kwanza, ndipo mlinganishe. Mkianza kwa kupiga soga, mwenye sauti kubwa ndiye atakayebaki na kumbukumbu, wengine mtaiazima yake bila kujua.

Vifaa ni vichache. Kaunta buku moja ya jalada gumu, iliyoshonwa na si ya waya, kwa sababu za waya huachia kurasa zikifunguliwa mara nyingi. Bolpeni ya kawaida. Wino wa jeli mara nyingi ukiguswa na maji unatapakaa. Penseli ya 2B kwa kuandika nyuma ya picha. Bahasha nyeupe, faili la boksi, na kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana. Steshenari yoyote ya mjini inavyo.

Kila tukio lipe kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto weka yale uliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Kulia weka yanayothibitishwa: tarehe, timu au wasanii, matokeo, bei ya kiingilio, namba ya tiketi. Pembeni ya kila sentensi ya kulia weka herufi moja: U kama una ushahidi mkononi, K kama ni kumbukumbu yako tu, S kama umesimuliwa. Herufi hizi zinaonekana ni kazi ya bure mwanzoni, lakini miaka ikishapita ndizo zitakazokuambia lipi la kuamini pale mambo mawili yanapogongana.

Tarehe na saa zina mitego yake. Tarehe iandike kwa kuanza na mwaka, 2022-07-02, ndipo mafaili ya kwenye simu na kompyuta yajipange yenyewe. Saa iandike kwa Kiswahili pamoja na kipindi cha siku, "saa 10 jioni", kwa sababu simu itaihesabu picha hiyohiyo kuwa ya saa 16, na asiyejua daftari lako linahesabu vipi atakosea kwa saa sita. Shoo za usiku ni mbaya zaidi. Tamasha linaloanza Jumamosi saa 3 usiku, msanii mkubwa hupanda jukwaani saa 7 au saa 8, na hapo simu imeshahamia Jumapili. Andika "usiku wa kuamkia Jumapili" na uweke tarehe zote mbili. Ukiandika "Jumapili usiku" peke yake, mwingine ataelewa ni siku iliyofuata.

Ulikokaa usikuandike kwa maneno kama "kule nyuma ya goli". Sisi wa Arusha na Moshi tuna bahati ya milima. Mlima Meru uko kaskazini mwa Arusha, Kilimanjaro iko kaskazini mwa Moshi. Andika mlima ulikuwa mbele yako, mgongoni, kulia au kushoto, na mtu yeyote ataweza kukuweka mahali pako uwanjani. Picha yenye kipande cha mlima, hata kama ni giza la mawingu, usiifute.

Kwa shoo, mambo ya kuandika ni tofauti kidogo. Andika msanii alipiga laivu na bendi au aliimba juu ya pleibeki, nani walitangulia kabla yake, ni wimbo gani umati uliuimba peke yake baada ya kipaza sauti kuelekezwa kwao, na umeme au mitambo ilikatika mara ngapi. Orodha ya nyimbo ipigie kwa vifupisho gizani, neno moja kwa kila wimbo. Kwa shoo za Arusha taja pia wasanii wa nyumbani waliofungua jukwaa. Jiji lililotoa X Plastaz, Nako 2 Nako na Weusi lina vijana wengi walioanza kwa kufungua shoo za wengine, na majina yao hayakuwahi kuandikwa kwenye bango.

Usirekodi wimbo mzima. Wimbo utaupata popote, lakini umati hutaupata. Rekodi nusu dakika kabla mechi haijaanza, nusu dakika baada ya bao, na nusu dakika watu wakitoka. Simu ishike kifuani, kidole kisizibe kitundu cha maiki kilicho chini, na usisimame mbele ya spika: sauti ikizidi hukwaruza na hakuna programu inayoweza kuirudisha.

Sasa tiketi, ambazo ndizo watu wengi huziharibu wakidhani wanazitunza. Tiketi na risiti nyingi za siku hizi ni karatasi ya joto: haina wino, ina dawa juu yake inayogeuka nyeusi ikipashwa. Ijue kwa kuikwaruza ukingoni haraka kwa kucha. Ikitoa mstari mweusi, ndiyo yenyewe. Tiketi ya namna hiyo usiipeleke kupigwa laminesheni hata siku moja. Mashine ya laminesheni ina joto, na karatasi itatoka nyeusi yote. Usiiache kwenye dashibodi ya gari wala kwenye pochi. Mafuta ya ngozi na plastiki laini huyafuta maandishi, na baada ya muda unabaki na kikaratasi cheupe. Ipige picha siku hiyohiyo, itoe fotokopi kwenye karatasi ya kawaida, kisha ile halisi iweke ndani ya bahasha nyeupe mahali pa giza. Fotokopi ndiyo itakayodumu.

Tiketi za zamani zilizochapwa kwa wino, zile za kuchanwa kipande mlangoni, ni imara zaidi. Adui yake ni selotepu: gundi hugeuka njano, hupenya karatasi, na siku ukiibandua inaondoka na maandishi. Badala yake kata vipembe vinne vya karatasi nyeupe, vibandike kwenye ukurasa, chomeka pembe za tiketi humo. Mfuko wa plastiki unaonuka kama koti jipya la mvua usiutumie. Hiyo ni plastiki ya PVC na hung'ang'ania chapa. Vipande vya magazeti viweke bahasha ya peke yake, kwa kuwa karatasi ya gazeti ina asidi, hugeuka njano na huichafua karatasi jirani. Navyo vitolee fotokopi.

Ukiingia uwanjani kwa N-Card, ile kadi ya kielektroniki ya kulipia kiingilio, hakuna karatasi ya kutunza. Piga picha ya skrini ya ujumbe wa malipo na uuchape.

Namba ya kifuani ya Kilimanjaro Marathon, ambayo imekuwa ikikimbiwa Moshi tangu 2003 kwa kuanzia na kumalizia uwanja wa Ushirika, itoe pini kabla ya kuiweka. Pini hupata kutu masika ya kwanza tu. Jezi ioshwe kwa maji baridi ikiwa imegeuzwa ndani nje, isipigwe pasi juu ya namba, na ikikunjwa itenganishwe na karatasi nyeupe ili chapa zisigandane. Kontena liwe juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu. Kati ya Machi na Mei lifungue kila baada ya wiki mbili, siku ya jua, uangalie kama kuna ukungu. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinafaa sana humo ndani, lakini huchoka, kwa hiyo vibadilishe.

Picha za simu zina kosa moja linalojirudia. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ubora na hupoteza taarifa za saa na mahali ilipopigwa. Na kwenye Android, jina la faili kama IMG-20220705-WA0003 linaonyesha siku uliyoipokea, si siku ya mechi. Mwombe aliyeipiga aitume kama faili, si kama picha, kisha uipe jina mwenyewe: tarehe, uwanja, tukio.

Kazi ngumu, na tamu kuliko zote, ni kurudisha matukio ya zamani ambayo hayana tarehe. Chukua picha moja usome ukuta wake kabla ya nyuso. Mabango ya simu ni kalenda: Celtel ilibadilika kuwa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwishoni mwa 2010, na Tigo ikawa Yas Novemba 2024. Jezi ya Simba au Yanga yenye SportPesa kifuani haiwezi kuwa ya kabla ya 2017. Ligi Kuu yenye jina la NBC ni ya msimu wa 2021/22 au baada yake. Noti mkononi mwa muuza karanga zikiwa za toleo lililoanza kutumika 2011, umepata mpaka mwingine. Namba za magari zenye T, tarakimu tatu na herufi tatu zinapanda kwa mpangilio, kwa hiyo gari ambalo herufi zake tatu zinaanza na D haliwezi kuwa kwenye picha ya wakati namba zilikuwa bado B. Programu ya michezo ya shule inayoitaja Babati au Hanang' kuwa mkoa wa Arusha ni ya kabla ya 2002, mwaka ulioanzishwa mkoa wa Manyara. Mijakaranda ikiwa zambarau, huo ni msimu wa Septemba mpaka Novemba hivi.

Kumbuka nyingi ya ishara hizi husema "si kabla ya", hazisemi "si baada ya". Watu huvaa jezi kuukuu, na bango lililopitwa na wakati hubaki ukutani miaka. Ukikosa mpaka wa juu, andika hivyohivyo: "si kabla ya 2017".

Kwa wazee, usiulize mwaka. Muulize babu au mama mkubwa, "Shikamoo, siku ile uwanjani tulikwenda na gari la nani?" Kisha kama ilikuwa kabla au baada ya uchaguzi fulani, mtoto gani alikuwa hajazaliwa, nani alikuwa darasa la saba. Moshi kuna swali linalofungua mengi: ilikuwa Desemba watu wamerudi nyumbani, au siku za kawaida? Usimpe jibu ndani ya swali. Ukimwambia "ilikuwa 1998, siyo?" atakubali kwa heshima, na wewe utaandika S mbele ya jambo ulilolitunga mwenyewe.

Ukifika ukurasa wa mwisho wa daftari, piga picha kurasa zote na uzihifadhi sehemu mbili zisizo nyumba moja. Nyuma ya kila picha iliyosafishwa andika majina kwa penseli, kutoka kushoto kwenda kulia, pamoja na wale ambao sura zao unazijua lakini majina huyajui: hao waandike "jirani, mzunguko, skafu ya kijani".